Hasidi wa Kompyuta Ana Sababu

Waswahili wana methali isemayo kwamba hasidi hana sababu. Maana yake ni kuwa mtu mwenye husuda hangoji akosewe ndipo adhuru. Mafanikio ya mwenzake yanatosha kumkera. Huikumbuka methali hii kila ninapolisoma jina walilolibuni wataalamu wetu wa istilahi kwa zile programu zinazotungwa kwa nia ya kuharibu, kuiba au kupeleleza kompyuta za watu. Wameziita programu hasidi. Jina ni zuri na limekwisha kuenea. Hata hivyo, hasidi huyu mpya anatofautiana na yule wa methali kwa jambo moja kubwa: yeye ana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni fedha. Hakujui, hakuchukii, na pengine hajawahi kukanyaga nchi yako. Lakini ukimwachia mlango wazi ataingia.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa Kiswahili cha kawaida aina za mahasidi hawa na namna wanavyoingia katika kompyuta na simu zetu. Pili, kuonyesha kwamba mlango wanaoupenda kuliko yote ni lugha, na kwamba kwa hiyo mwalimu wa lugha hawezi kuuachia ulinzi huu mwalimu wa kompyuta peke yake.

Tuanze na majina. Mitaani, kila kinachoharibika katika kompyuta husemekana kuwa ni virusi. Neno hili lina historia ya kumfurahisha mwanafunzi wa isimu. Waingereza walilitoa katika Kilatini, ambamo lilikuwa na maana ya sumu. Lilipofika kwetu, silabi yake ya kwanza ilifanana na kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, nasi bila kuitisha kamati tukajiundia umoja, kirusi, kama vile mababu zetu walivyolipokea neno la Kiarabu kitabu wakajipatia vitabu. Ndiyo maana leo mtu anayejifunza Kirusi na mtu ambaye kompyuta yake ina kirusi hutenganishwa kwa herufi kubwa tu.

Kwa wataalamu, hata hivyo, kirusi ni aina moja tu katika ukoo mpana. Kirusi ni kipande cha programu kinachojipachika ndani ya programu nyingine au waraka, kikangoja. Mtu akiufungua waraka ule, nacho huamka, hujinakili na kujipachika kwingine. Mwaka 1986, ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, walitunga kirusi kilichoitwa Brain, ambacho kilijificha katika sehemu ya disketi inayosomwa kwanza kompyuta inapowashwa. Ajabu ni kwamba waliandika humo majina yao, anwani na nambari ya simu. Wahalifu wa leo hawana uungwana huo.

Mnyoo ni tofauti. Huu hauhitaji kubebwa na waraka wala kufunguliwa na mtu. Hutambaa wenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa kupitia nyufa zilizomo katika programu za mtandao. Novemba 1988, mnyoo uliotungwa na mwanafunzi mmoja wa Marekani, Robert Morris, ulikadiriwa kuzilemaza kompyuta zipatazo 6,000, nao mtandao wa wakati huo ulikuwa mchanga. Miaka 29 baadaye, tarehe 12 Mei 2017, mnyoo ulioitwa WannaCry ulienea katika nchi zaidi ya 150, ukazifunga faili za hospitali za umma nchini Uingereza na kudai dola 300 kwa kila kompyuta. Ufa ulioutumia ulikuwa umekwisha kuzibwa na kampuni ya Microsoft mwezi Machi mwaka huo huo. Waliodhurika ni wale ambao hawakuwa wamepokea kiraka.

Aina ya tatu ni Farasi wa Troja. Jina limetokana na kisa cha Wayunani walioacha farasi mkubwa wa mbao nje ya mji wa adui wao, naye adui akamwingiza ndani kwa furaha, asijue kuwa tumboni mna askari. Programu ya aina hii hujifanya jambo jema: mchezo, kamusi, kitabu cha bure, au programu ya kukuwezesha kutumia bidhaa ya bei ghali bila kulipa. Unaiingiza mwenyewe, kwa mkono wako, na pengine unawashukuru waliokupa.

Hapa ndipo jiji letu la Nairobi linapoingia katika historia, ingawa ni wachache wanaojua. Desemba 1989, disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London hadi kwa watu wa nchi nyingi, miongoni mwao wasomaji wa jarida la kompyuta na watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa kuhusu UKIMWI. Disketi zenyewe ziliandikwa kuwa ni za habari za utangulizi kuhusu UKIMWI, na ndani yake mlikuwa na maswali ya kumsaidia mtu kukadiria hatari yake ya kuambukizwa. Wakati huo maradhi yalikuwa yakitisha dunia nzima na habari zilikuwa adimu. Nani angeitupa disketi kama hiyo?

Aliyeiweka katika kompyuta hakuona ubaya wowote kwa siku nyingi. Programu ilikaa kimya ikihesabu kila mara kompyuta inapowashwa. Hesabu ilipofika 90 hivi, ilivuruga majina ya faili zote, ikazificha, kisha ikamtaka mwenye kompyuta apeleke dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Hiyo ndiyo inayotajwa kuwa programu ya kwanza ya utekaji duniani, yaani programu inayozishika faili mateka na kudai kikomboleo. Bahati nzuri yaliyomo katika faili hayakuguswa, na mtaalamu mmoja wa Uingereza, Jim Bates, alitoa mapema mwaka 1990 programu ya kuzirejesha. Lakini wapo waliokwisha kuzifuta diski zao kwa hofu, na iliripotiwa kuwa kituo kimoja cha utafiti nchini Italia kilipoteza kazi ya miaka 10.

Aliyeshtakiwa ni Joseph Popp, Mmarekani mwenye shahada ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Harvard, mwanabiolojia aliyewahi kuwachunguza nyani katika Afrika Mashariki na kushirikiana na AMREF, shirika lenye makao yake makuu hapa Nairobi. Alitiliwa shaka akiwa katika uwanja wa ndege wa Amsterdam mwezi huo huo wa Desemba, alipokuwa njiani kurudi kwao kutoka Nairobi, alikokuwa amehudhuria semina ya Shirika la Afya Duniani. Alikamatwa baadaye Marekani, akapelekwa Uingereza, na mwaka 1991 jaji akaamua kuwa akili yake haikumruhusu kusimamishwa kizimbani. Mwenyewe alidai kuwa fedha zile zingekwenda katika utafiti wa UKIMWI.

Kwa mwanaisimu, jambo la kushangaza zaidi katika kisa hiki ni karatasi iliyofuatana na disketi. Karatasi hiyo ilisema waziwazi, kwa maandishi madogo, kuwa anayeitumia programu anakubali kuilipia, na kuwa asiyelipa atadhurika kwa namna ambazo programu zake nyingine zingeshindwa kufanya kazi. Onyo lilikuwepo, limeandikwa, tena mikononi mwa madaktari na watafiti. Walilipita. Nasi leo, tunapobonyeza kidude cha kukubali masharti bila kusoma hata aya moja, tunafuata nyayo zao.

Ukoo huu una jamaa wengine wa kutaja kwa ufupi. Kinasa vibonye hurekodi kila herufi unayoipiga, nywila zako zikiwamo, na kuipeleka kwa bwana wake. Mlango wa nyuma humwezesha mgeni kuingia na kutoka katika kompyuta yako atakavyo. Programu nyingine huiandikisha kompyuta yako katika jeshi la kompyuta zilizotekwa, zikatumwa kwa pamoja kufanya uovu ambao wewe huna habari nao. Na zipo programu za kijasusi, ambazo husoma jumbe, husikiliza mazungumzo na kufuata mahali ulipo. Hizi si hadithi za ng'ambo. Septemba 2025 iliripotiwa kuwa watafiti wa Citizen Lab katika Chuo Kikuu cha Toronto walikuwa wamekuta programu ya kijasusi iitwayo FlexiSPY katika simu za watengenezaji filamu Wakenya, na kwamba kwa uchunguzi wao iliwekwa Mei mwaka huo simu hizo zilipokuwa mikononi mwa polisi. Programu hiyo huuzwa hadharani. Mwalimu anayemwachia fundi simu yake siku mbili bila kuifunga anapaswa kulifikiria jambo hilo.

Wala wafanyabiashara hawakusalimika. Mwaka 2023 kampuni ya maduka ya Naivas, ambayo wakazi wengi wa Nairobi hununua humo mkate na maziwa, ilitangaza kuwa imeshambuliwa kwa programu ya utekaji na kwamba sehemu ya data zake ilikuwa imefikiwa na wahalifu. Watekaji wa siku hizi wana mbinu mbili kwa pamoja. Hufunga faili, na pia huzinakili, ili yule atakayekataa kulipa kwa kuwa ana nakala zake atishwe kwa kutangaziwa siri zake.

Ni vyema pia tusiite kila shambulio kirusi. Julai 2023, tovuti ya serikali ya eCitizen, yenye huduma zaidi ya 5,000, ilikwama kwa siku kadhaa. Watu wakashindwa kuomba pasipoti, visa na leseni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na Oktoba 2024 mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani yakatangazwa nchini Marekani. Lakini shambulio lile lilikuwa la kuufurikisha mlango kwa maombi bandia kiasi kwamba wenye haja ya kweli hawakupata pa kupita. Ni kama matatu zote za Ngong Road kuletwa kwa makusudi katika mzunguko mmoja. Barabara haijavunjika, ila hakuna anayefika kazini. Mwanafunzi anayeweza kutofautisha mambo haya mawili ataelewa pia kwa nini dawa zake ni tofauti.

Nirudi sasa kwenye mlango wa lugha. Tarehe 4 Mei 2000, mamilioni ya watu duniani walifungua barua pepe iliyokuwa na kichwa cha maneno matatu ya Kiingereza yaliyoshikanishwa, ILOVEYOU, yaani nakupenda. Ndani yake mlikuwa na kiambatisho kilichoonekana kuwa barua ya mapenzi, kumbe ni mnyoo uliotoka Ufilipino. Uliharibu picha na faili nyingine, kisha ukajituma kwa kila anwani iliyokuwa katika daftari la aliyeufungua. Kwa hiyo barua ilikuja kwa jina la mtu unayemfahamu. Kompyuta hazikuvunjwa kufuli; walioombwa kufungua ni watu, na walifungua kwa kuwa hakuna asiyependa kupendwa.

Ukizichunguza jumbe za aina hii kama tunavyochunguza matini darasani, utaona kuwa zina muundo wake. Kwanza, kuna sauti ya mamlaka: benki, mwajiri, baraza la mitihani, mamlaka ya ushuru. Pili, kuna tishio au zawadi: akaunti yako itafungwa, au umeshinda. Tatu, kuna muda mfupi: leo, sasa hivi, kabla ya saa sita. Nne, kuna kitenzi cha kuamuru: bonyeza, thibitisha, pakua, tuma. Na tano, mara nyingi hakuna jina lako. Wewe ni mteja mpendwa au mwalimu mheshimiwa tu. Mkenya yeyote aliyewahi kupokea ujumbe wa kumwambia atume fedha kwa nambari nyingine ya simu anaujua muundo huu, hata kama hajawahi kuupa jina. Anayepangilia maneno hayo anajua kuwa binadamu aliyetiwa hofu na kuharakishwa hasomi; huguswa tu na neno la mwisho.

Kwa miaka mingi watu walifundishwa kumtambua mwongo kwa sarufi mbovu. Upatanisho uliovurugika, herufi zilizorukwa na tafsiri za sisisi vilikuwa ishara. Kinga hiyo imechakaa. Zana za akili mnemba sasa huandika Kiingereza safi, na Kiswahili chake kinaboreka mwaka hadi mwaka. Ujumbe wa mwizi unaweza kuwa na sarufi nzuri kuliko waraka wa mwalimu mkuu. Kwa hiyo tunapaswa kuwafundisha vijana kuuliza maswali ya pragmatiki badala ya sarufi: nani anasema, ananijuaje, anataka nifanye nini, kwa nini kwa haraka, na je, naweza kumfikia kwa njia nyingine ninayoijua mimi?

Kuna dosari nyingine inayotuhusu sisi watu wa Kiswahili. Maonyo ya kompyuta huja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mwaka 2004 wenzetu katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye vidokezo vya Kiswahili, na wakatuonyesha kuwa inawezekana. Lakini katika ofisi na shule nyingi za Nairobi, kuanzia katikati ya jiji hadi Jamhuri na Kawangware, dirisha la onyo likichomoza mtu hutafuta kidude cha kuliondoa. Hajauelewa ujumbe, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa alipaswa kuuelewa. Vitabu vya shule vinamfundisha kwamba kompyuta huitwa tarakilishi na ya kupakatwa huitwa kipakatalishi. Hayo ni mema. Lakini je, tumemfundisha kusema kwa Kiswahili kwamba faili hii inaomba ruhusa ya kubadilisha mfumo wa kompyuta yako, nawe usiipe kama hujui ilikotoka?

Gharama ya upungufu huo naiona chuoni kila mwaka. Mwanafunzi wa uzamili huandika tasnifu yake kwa miaka miwili, akaiweka katika flashi moja, naye hutembea nayo kutoka kibanda kimoja cha kupiga chapa hadi kingine. Flashi hiyo huchomekwa katika kompyuta ambayo siku hiyo imepokea flashi 50 za watu wengine. Jioni akiifungua hukuta faili zake zimegeuka kuwa vijialama vidogo vya njia ya mkato, na akikibonyeza kimoja huieneza balaa katika kompyuta yake mwenyewe. Nimewahi kumwona binti mmoja akilia ofisini kwangu juu ya sura nne za tasnifu zilizopotea kwa namna hiyo. Kwa bahati faili zake zilikuwa zimefichwa tu, kama ilivyo kawaida ya mnyoo wa aina ile, na fundi wa idara akazidhihirisha. Angekuwa ameisafisha flashi kwanza, kama alivyoshauriwa kibandani, zingekwenda.

Basi tufanye nini? Kinga zenyewe si ngumu. Kazi yoyote yenye thamani iwe na nakala tatu, na moja kati ya hizo ikae mbali na kompyuta, isiunganishwe nayo. Viraka vya programu vipokewe vinapotolewa. Kisa cha WannaCry kinatosha kuwa funzo. Programu zilizovunjwa kufuli ziepukwe, kwa kuwa anayekupa bure kitu cha maelfu ya shilingi amekwisha kupanga atakavyolipwa. Kila akaunti iwe na nywila yake, na inapowezekana iwe na uthibitisho wa pili. Anayekwenda kupiga chapa atumie flashi isiyo na kitu kingine ila waraka huo mmoja. Na anayetekwa asikimbilie kulipa, maana hana hakika ya kurudishiwa. Aikate kompyuta na mtandao, na atafute msaada.

Sheria nayo ipo. Waliotunga ILOVEYOU hawakuadhibiwa kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo wakati ule. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018, ambayo inamtishia anayeingia katika kompyuta ya mwenzake bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, na ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Hata hivyo sheria humfuata mhalifu baada ya tendo, na mhalifu mwenyewe huenda yuko bara jingine.

Kwa hiyo nawageukia walimu wenzangu. Katika somo la ufahamu, leteni ujumbe wa kitapeli uliopokewa na mzazi wa mtoto mmoja, mfute majina, kisha darasa liuchambue: sauti, tishio, muda, amri. Katika insha, mpeni mwanafunzi kazi ya kumwandikia nyanya yake maelezo ya Farasi wa Troja kwa maneno atakayoyaelewa. Na vyama vya Kiswahili vyuoni, ambavyo hujadili istilahi kwa saa nyingi, vitoe orodha ya kurasa mbili ya maonyo ya kompyuta kwa Kiswahili fasaha, ibandikwe katika kila kibanda cha kupiga chapa kinachokubali. Kazi hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Inaweza kuanza muhula huu.